Matriki ya Asteria na Kisima Changu

Mwalimu Boaz ananisumbua na karatasi zake. Anataka niandike habari za mtu wa kawaida wa hapa kwetu. Nilimwambia mtu wa kawaida simjui, akamtafute kwingine. Nina mbuzi wa kufunga, nina michembe ya viazi inayokauka juani, na herufi nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kila moja ina mwendo wake. Lakini mtu huyu haondoki. Basi naandika habari za mjukuu wangu Asteria, binti wa mwanangu Maduhu, na mtu asinikate njiani.

Asteria nimemlea mimi, hapa nje kidogo ya Kharumwa, tangu baba yake alipofuata dhahabu Geita. Alilima matuta na mimi kabla hajajua kuandika jina lake. Leo yuko kwenye mradi wa kupima maji ya visima, na kazi yake ni namba. Ana lugha ya kusemea na kompyuta, inaitwa R, herufi moja tu, utadhani waliompa jina walichoka mapema. Humo anatengeneza kitu kinaitwa matriki. Nilimwuliza ni kitu gani, akanichorea mavumbini. Ni namba zilizopangwa kama shamba, mistari ya kulala na mistari ya kusimama. Kila kisima kina mstari wake wa kulala, kila msimu una mstari wake wa kusimama. Akasema ukishapanga hivyo unaligeuza shamba lote kwa neno moja, iliyolala ikasimama, au unalizidisha kwa hesabu ya watu wanaoteka ukaona madhara yameelemea wapi. Mimi nilikuwa natazama mkono wake, unavyochora bila kusita. Mkono ule ni wangu.

Sasa kisima. Kwetu viko vinne, na kimoja ni changu, si cha serikali. Mume wangu Ngassa alipofariki nilikusanya wanawake tukachimba wenyewe, wanaume wakicheka, mpaka maji yakatoka na kicheko kikaisha. Hadi leo kinaitwa Kisima cha Mama Maduhu. Juu yake, mlimani, vijana walifungua mwalo, pale wanapoosha mawe yaliyosagwa na kukamata dhahabu kwa zebaki.

Asteria na wenzake walichukua maji ya kila kisima wakati wa masika, tena kiangazi kilipokaza, tena vuli ilipoanza. Chupa zikaenda maabara Mwanza. Majibu akayapanga yeye, yakasomwa mkutanoni: hakuna kisima cha kufungwa. Kuna zebaki wakati wa masika, kwangu, kwa jirani yangu Mageni na kile cha shuleni, kisha maji yanasafika. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, mvua hushusha uchafu. Mimi nikatembea kifua mbele. Nilimwambia Mageni, ambaye kisima chake kiko ng'ambo ya barabara na mdomo wake unafika popote, kwamba hata kompyuta imekikubali cha kwangu.

Hazikupita siku nyingi Asteria akaja asubuhi. Akaniamkia shikamoo, lakini hakukaa. Akaniomba nisiteke tena pale kisimani. Nilidhani ananitania.

Kumbe alikuwa ameitafuta namba moja aliyoikumbuka. Ilikuwa ya chupa ya kiangazi, ya kisima changu. Aliikumbuka kwa sababu siku ya kuijaza nilimgombeza kwa kukanyaga mboga zangu, na majibu yaliporudi namba hiyo ilizidi zote. Kwenye matriki akaikuta imekaa kwa Mageni, tena chini ya masika.

Akanieleza kosa lake. Namba alizimwaga ndani kwa mfululizo, kisima kimoja mpaka kiishe ndipo kingine. Akili yake ilifuata tuta, maana sisi hapa ukishika tuta unalimaliza mpaka mwisho ndipo urukie la pili. R hailimi hivyo. Usipoiambia vingine, inaanzia vichwani. Inaweka mbegu moja kwenye kichwa cha kila tuta, ndipo inarudi kuweka ya pili. Basi zebaki yote ya kisima changu, ya masika, ya kiangazi na ya vuli, iligawiwa majirani kama nyama ya harusi, kila mmoja kipande, na yote ikaonekana ni ya masika. Alipoongeza neno la kuiamuru ifuate tuta, namba zikarudi kwao. Ubaya wote ukalala mstari mmoja. Mstari wangu.

"Nani mwingine anajua?" nikamwuliza.

"Bado. Nimekuja kwako kwanza, Bibi."

Nikamwambia basi anyamaze, tutachemsha. Akasema zebaki haiondoki kwa kuchemsha, na watoto wa jirani yetu Justa wanakunywa pale kila siku. Nikamwambia watamfukuza kazi, yeye aliyesomeshwa kwa ng'ombe zangu. Nikamwambia kisima kile kina jina langu.

"Ndiyo maana," akasema. "Sitaki watu waugue kwa jina lako."

Nilimtazama. Macho yake hayakushuka. Nilitaka kukasirika, nikajikuta natafuta kanga yangu niende naye.

Alimpigia simu mkubwa wake, Imran, mbele yangu. Yule bwana akasema aende akawaambie watu walewale waliosomewa. Mkutanoni Asteria akachora matuta chini kwa kijiti, akaonyesha mbegu zilivyokosea njia. Mageni akasema kumbe hata kompyuta inataka kushikwa mkono shambani. Watu wakacheka, Asteria naye akacheka. Kisha akasimama wima.

"Kompyuta ilifanya ilivyoambiwa. Aliyekosea ni mimi. Na kisima cha kufungwa ni cha bibi yangu."

Kicheko kikakatika. Watu wote wakageukia kwangu, si kwake.

Mwenyekiti akataka vijana wakakate miiba ya kukizibia. Nikakataa. Nilichokifungua mimi nakifunga mimi. Nikakata tawi la mgunga kwa panga langu, nikaliburuta mpaka kisimani. Asteria alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Tulipofika karibu nikamwachia ashike ncha.

Siku hizi nateka kwa Mageni. Siku ya kwanza aliniuliza kama ndoo yangu imepotea njia. Nikamjibu ndoo yangu imeletwa na mjukuu wangu, wa kwako amekuleta wapi? Akanisogezea kamba. Imran naye hakumfukuza Asteria. Alimwongezea vijiji vya kupima, na mahali pote wanamwuliza ni wa nani, naye anasema wa Mama Maduhu.

Vidole vimekufa ganzi. Sasa na wewe unayesoma ufanye kazi. Chukua chupa safi, jaza maji ya kisima chenu, peleka yakapimwe. Majibu yakija usiitikie tu kama tulivyoitikia sisi. Mwulize aliyeyapanga kama alifuata tuta au alirukaruka vichwani. Asipokuwa na jibu, mlete hapa Kharumwa, Asteria amchoree mavumbini. Na uje na ndoo yako, ya kwangu siazimi.