Nambari ya Tatu Ukutani

Katika kituo cha kununulia majani chai pale Gesima, karani humwaga kikapu chako mezani na kupekua hadi chini, kwa sababu anajua watu huweka majani mororo juu na yale magumu chini. Abigael Mokeira amepeleka majani pale kwa zaidi ya miaka thelathini, na tabia ya karani imemwingia damuni. Ukimpa mkungu wa ndizi, atajiuliza unataka nini. Mzee wa kanisa akisifu sauti yake, Sabato inayofuata ataimba chinichini hadi ajue sifa ile ililenga wapi.

Kwa hiyo siku alipopewa heshima, hakulala vizuri.

Heshima yenyewe ilikuja kwa simu, Alhamisi, akichambua mboga jikoni. Zamani, alipokuwa msichana, kiwanda cha chai kilikuwa na timu ya voliboli ya wanawake iliyotetemesha viwanda vingine vyote vya milimani. Sasa kiwanda kimejenga uwanja mpya, na ukutani yataandikwa majina kumi ya wachezaji bora wa timu ile, kuanzia wa kwanza hadi wa kumi. Kazi ya kuwapanga alipewa aliyekuwa nahodha, Drusilla Omosa, mwalimu mstaafu anayeishi Keroka. Mwalimu akapanga, akatuma orodha kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji wa zamani.

Wa kwanza alikuwa Drusilla mwenyewe. Wa pili, Marion, wifi yake. Wa tatu, Abigael Mokeira.

Nyanchoka hakuwepo. Abigael alishuka na kidole hadi wa kumi, akapanda tena, akashuka tena. Nyanchoka, ambaye akiruka watu walisahau kutafuna miwa waliyokuwa nayo mdomoni. Nyanchoka, ambaye mpira wake ulitoboa ua wa meneja wa kiwanda. Hakuwepo popote.

Kundi lilichemka. Mmoja aliuliza Marion ni wa pili katika mchezo gani, maana katika voliboli alikuwa akianzisha mpira unaishia kwenye wavu kama samaki. Mwingine akashauri orodha ipewe jina lake halisi, yaani orodha ya mawifi. Marion akajibu kwamba wivu haujawahi kushinda seti hata moja. Abigael mwenyewe alichokozwa pia: tangu lini mtu wa kukaa benchi akawa wa tatu? Na ilikuwa kweli.

Hatimaye Mwalimu Drusilla alituma sauti yake, ileile ya kunyamazisha darasa.

"Nahodha ndiye huona uwanja wote. Na mtu aliyetukimbia siku ya fainali, hata angekuwa na mikono ya dhahabu, jina lake haliandikwi ukutani. Tutaonana kwangu Jumapili, mwenye neno aje nalo."

Manasseh, mume wa Abigael, alisikiliza sauti ile mara mbili kisha akacheka. Alimkumbusha mkewe kwamba kaka yake Drusilla anawania ukurugenzi wa kiwanda, na kwamba wakulima watapiga kura mwezi ujao. "Mama Joyline, hiyo nambari ya tatu ni kura yako," alisema. "Na yangu wameihesabu humohumo."

Abigael aliitikia, lakini hofu yake ilikuwa na mzizi mwingine. Aliogopa kwamba Drusilla anajua. Anajua, na nambari ya tatu ni kitambaa cha kumziba mdomo.

Jambo lenyewe ni hili. Fainali ya mwaka ule ilipangwa Jumapili mchana. Ijumaa jioni timu ya wageni ikatuma habari kwamba lori lao litahitajika kwingine Jumapili, basi mechi ikasogezwa hadi Jumamosi, jua likishazama, chini ya taa za kiwanda, ili Waadventista wa timu waweze kucheza. Drusilla, ambaye ni Mkatoliki, alimwagiza Abigael amfikishie Nyanchoka ujumbe, kwa sababu wawili hao waliabudu kanisa moja. Abigael alipofika nyumbani Gesima jua lilikuwa limezama, na Sabato imeingia.

Nyumbani kwao, Sabato ikishaingia, hakuna aliyetaja kuchuma chai, wala sokoni, wala mpira. Mama yake angemzaba kofi mtu kwa kuuliza bei ya chumvi. Kesho yake kanisani Abigael aliketi na Nyanchoka benchi moja, bega kwa bega, kutwa nzima, na ujumbe akaumeza. Atamwambia jua likizama, alijiambia. Mechi ni jirani tu. Alasiri, ibada ilipokwisha, Nyanchoka akashika njia kwenda Kiogoro kumwona shangazi yake mgonjwa, akijua kurudi kwake ni Jumapili asubuhi. Abigael alimwona akienda. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Akasimama hapo, mdomo umefungwa na amri ya Mungu kama alivyoifahamu yeye, hadi mwenzake akapotea kwenye kona.

Usiku ule nahodha alimuuliza, "Ulimwambia?"

Msichana wa miaka ishirini na miwili, mbele ya timu nzima, akajibu, "Nilimwambia. Akanyamaza."

Walishindwa. Jumapili Nyanchoka alikuja na viatu vyake begani, akakuta uwanja mtupu na mdomo wa Drusilla umejaa matusi. Alisema hakuambiwa. Nahodha akasema ujumbe ulitumwa, bila kumtaja mjumbe. Kufikia Jumatatu ilikuwa imeenea hadi Keroka kwamba amenunuliwa na wageni. Hakucheza tena. Sabato ile moja Abigael aliitunza kikamilifu; uongo uliozaliwa na Sabato hiyo ameutunza kwa miaka zaidi ya thelathini.

Jumapili ya mkutano Abigael alikwenda Keroka. Sebuleni kwa Mwalimu kulikuwa na wanawake wanane na chai ya maziwa, na mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Abigael hakugusa kikombe. Alimtazama Drusilla kila alipotabasamu, akitafuta ishara, hata kukonyeza tu. Drusilla akamjazia sahani mandazi. Hilo nalo likamtia shaka zaidi.

Mwishowe alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, umeniweka wa tatu kwa nini? Mimi nilikuwa wa benchi. Unataka nikunyamazie nini?"

Drusilla aliweka birika chini. Alionekana mtu aliyeshangaa kweli. "Nikunyamazishe? Nilikuweka kwa sababu ya siku ile. Nilisema, yule mwenye kipaji alitutupa, lakini huyu mdogo angalau alifikisha ujumbe."

Basi nambari ya tatu haikuwa rushwa wala kura. Ilikuwa malipo safi ya uongo wake, yaliyotolewa kwa moyo mweupe, na hakuna shaka aliyowahi kuwa nayo iliyomuumiza kama ukweli huo.

"Sikuufikisha," alisema. "Ilikuwa Sabato. Nilinyamaza, kisha nikakudanganya."

Marion aliguna. Drusilla akamkazia Abigael macho, na ile shaka iliyomtafuna mwenzake tangu Alhamisi sasa ilihamia upande wa pili. Nani amekutuma? aliuliza. Nyanchoka amekuja kwako lini? Mbona leo, wiki ya orodha? Abigael alijibu swali baada ya swali, taratibu, hadi maswali yakamwishia mwalimu. Kisha Drusilla akatoa kalamu na karatasi ya orodha, akakata jina la Abigael. Aliandika Nyanchoka. Akafikiri, akalifuta, akaliandika juu ya Marion: wa pili. Nambari ya kwanza hakuigusa, na siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Asubuhi ya Jumatatu Abigael alimkuta Nyanchoka akichuma chai, kapu mgongoni. Alimweleza yote akiwa amesimama, akamwonyesha orodha mpya kwenye simu. Nyanchoka aliisoma pasipo kuacha kuchuma.

"Ukuta watausoma wageni," alisema. "Mama yangu alikufa akijua nilinunuliwa. Huyo huwezi kumwambia tena. Lakini kaka yangu Mogire yuko pale juu, na hadi leo watoto wake wakivunja ahadi huwaambia wasiwe kama shangazi yao. Nenda umwambie yeye."

Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Abigael alipanda kilima.

Mogire alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alisikiliza panga likiwa limetulia mkononi, hadi neno la mwisho. Kisha akamtazama mgeni wake kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Shemeji," alisema, "dada yangu amekulipa ngapi useme hivyo?"

Abigael alitafuta jiwe, akaketi. Akaanza upya, kutoka ile Ijumaa jioni.