Kigari cha Mbao na Pikipiki ya Ansima

Enzi zetu pale Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, gari lilikuwa la mbao na injini tulikuwa sisi wenyewe. Kaka yangu Bahati aliokota beringi kuukuu kwa fundi wa magari, akazifanya magurudumu. Tulikisukuma kigari hadi juu ya mteremko, tukapakiana kama magunia ya mahindi, kisha tukashuka tukipiga kelele, vumbi jekundu mdomoni. Breki ilikuwa visigino. Harufu ya maharage ya Mama ndiyo iliyoturudisha nyumbani, na Mama, akituosha magoti kwa maji ya chumvi, alikuwa akisema, “Mungu aliwapa magoti mbili tu, na mi siuzishi magoti.”

Leo Bahati ana nyumba mjini, mtaa wa Area 49, na kitambi cha kuilinda. Krismasi iliyopita alimnunulia binti yake Ansima, mwenye miaka tisa, pikipiki ndogo ya magurudumu manne, ya petroli, ya kupitia porini. Watoto wa siku hizi wakitumwa chumvi dukani wanachoka, lakini kwenye injini hawachoki. Mama nami tulikwenda kuwatembelea. Tulimkuta Ansima akizunguka uwanja wa nyuma, kichwa wazi, miguuni kandambili.

“Kofia yake iko wapi?” Mama akauliza.

“Iko ndani, Mama. Inamubana,” Bahati akajibu, akicheka. “Sisi tulivaaka kofia?”

Mama hakucheka. Alikuwa bado anamtazama mtoto alipopanda tuta la mchanga wa ujenzi. Pikipiki ikainuka mbele, ikampindukia. Magurudumu yaliendelea kuzunguka hewani, naye alikuwa chini yake. Bahati alikimbia kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Tuliinua mashine kwa pamoja. Ilikuwa nzito mno, na ekzosi ilikuwa imemuunguza mtoto mguuni.

Hospitalini walituambia mfupa wa bega umevunjika, na kwamba kichwa kimepona kwa kuwa kilitua kwenye mchanga laini. Bahati alikaa kwenye benchi.

“Ile kigari yenu,” Mama akamwambia polepole, “ilikuwa inachoka pamoja na mutoto. Hii, mutoto njo anachoka mbele.”

Bahati akainamisha kichwa. “Njo vile, Mama.”

Pikipiki sasa imefungiwa stoo mpaka Ansima akue, apate kofia inayomtosha na mtu wa kumfundisha. Amepona, na ametununia sote. Juzi, nilipomsimulia kigari chetu, aliniuliza mimi shangazi yake, “Tantine, sasa yenu ilikuwa inapanda namna gani mlima?”

Nikamwambia tulikisukuma, sote, tukicheka hadi nguvu zikatuishia, tukaanguka, tukaanza tena. Akaniona mshamba kabisa. Nami nilimwonea huruma kidogo: mashine yake inapanda mlima bila msaada wa mtu, na kiti chake ni cha mtoto mmoja.