Ukuta wa Mezani

Tangu ahamie kwa dada yake, mdogo mtu hajawahi kumwona shemeji yake akiinua kitu kizito kuliko kibano. Bwana huyo ana treni ya kuchezea inayozunguka meza nzima ya sebuleni, na kando ya reli anajenga kuta za mawe madogo kama punje za mchele. Kila jiwe hulilamba kuondoa vumbi, hulikagua kwa jicho moja, kisha hulilaza juu ya mengine mawili huku amebana pumzi. “Jiwe hushikwa na jiwe mwenzake,” humwambia kila anayeingia, hata msoma mita ya maji. “Anayetumia saruji hajui kazi.” Maneno hayohayo alimwambia fundi aliyekuja kuinua ukuta wa bafu ulioanguka. Fundi alitia mwiko wake kwenye gunia akaenda zake, na tangu siku hiyo dada mtu anaoga nyuma ya shuka.

Jana mdogo mtu alikuwa akipangusa meza. Akashika jiwe moja la juu, akalivuta taratibu, ajionee huo ufundi. Ukuta mzima ukainuka, umenyooka kama rula, gundi imegandia chini yake kama kamasi. Bwana mkubwa akakohoa. “Hiyo ni kwa ajili ya mtikisiko wa treni tu, shemeji.”

“Haya, shemeji. Basi nishikie ukuta wako nipanguse meza.”

Akaupokea kwa mikono miwili, na halikudondoka hata jiwe moja.