Ishirini kwa Ishirini

Mama aliniahidi kipande cha kiwanja chake pale Liuli, upande wa mihogo, nijenge vyumba viwili na choo. Ndoa ilikuwa imenishinda, nimerudi na watoto wawili, nalala katika chumba nilichokulia. Mtu aliyewahi kuwa na jiko lake hasahau. Nilitaka mlango wangu mwenyewe, na ufunguo niufunge kwenye pindo la kanga yangu.

Ndipo afisa ardhi akaja kupanga makazi, na mkutano wa kijiji ukaitishwa shuleni tuamue kiwanja cha kujenga kisipungue ukubwa gani. Mapendekezo yalikuwa mawili: mita ishirini kwa ishirini, au ishirini kwa thelathini. Kipimo kitakachopita, hakuna ruhusa ya kukata chini yake. Kiwanja cha mama kilikuwa kama ishirini kwa arobaini na kitu. Kwa kipimo kidogo kingetoa viwili. Kwa kikubwa kingebaki kimoja. Nilikwishapima kwa kamba, nikaenda mkutanoni na furaha yangu.

Mwalimu mmoja, mgeni kutoka Singida, alisema viwanja vidogo vitawafaa vijana. Wavuvi wakamcheka: usipa wataanikwa wapi, juu ya bati? Nesi mstaafu akauliza choo cha huyu na kisima cha yule vitaachana vipi. Mzee mmoja akasema kwa ishirini kwa ishirini, jirani akipiga chafya, yeye huku kwake ndiye atakayejifuta pua. Mimi nikanyoosha mkono, nikatetea kipimo kidogo. Nilisema hata wanawake waliorudi kwao wanahitaji pa kujenga. Watu wakatikisa vichwa kukubali, nikakaa nikijiona mshindi.

Halafu mama akasimama. Mwenyekiti akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Mimi naunga mkono thelathini," alisema. "Kiwanja kikikatwakatwa hakibaki nyumbani, kinabaki kichochoro."

Wanawake wa rika lake wakamfuata, na thelathini ikapita.

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma. Kwetu nyumbani ni Kinyasa tu, lakini jioni ile nilimsemesha Kiswahili, kama karani, ajue nimekasirika.

"Mama, umeninyima mbele za watu."

Aliendelea kuchambua matembele. Akanijibu kwa Kiswahili vilevile.

"Kiwanja kingetoa vipande vingapi?"

"Viwili."

"Na mimi nina watoto wa kiume wangapi?"

 Nina wadogo wawili, wote wanaume, mmoja Mbinga mjini na mwingine Songea. Nilijua ukoo wetu unavyogawa: wanaume kwanza, na mwanamke huambiwa kwake ni kwa mumewe, hata kama mume hayupo. Ahadi ya mama isingemzidi umri. Siku ya kuanua matanga yake ningekosa hata pa kuanika nguo.

"Kisichogawika," mama akasema, "hubaki na anayekaa ndani yake."

Sikumshukuru. Alikuwa sahihi, na bado sikuwa na mlango, na sijui hasira inayouma kuliko hiyo. Hadi leo tunagombania jiko moja. Mimi naona anazidisha chumvi, yeye anaona namaliza kuni.

Krismasi iliyofuata mdogo wangu wa Mbinga alishuka na gunia la mahindi na kahawa ya shambani kwake. Kabla hajanawa alizunguka kiwanja akipima kwa hatua. Alipoingia ndani alisema amepata mtu anayetaka upande wa mihogo, na kwa kuwa mwenzake wa Songea ataridhika na upande wa nyumba, mambo ni mepesi. Mimi hakunitaja, ingawa ndimi niliyekuwa nampakulia.

Mama akamweleza kijiji kilivyoamua. Kama haamini, aende ofisini akaulize. Mdogo wangu alirudisha tonge la ugali sahanini.

"Sasa mimi na mwenzangu kwetu ni wapi?" akauliza.

Mama akamsogezea bakuli la samaki.

"Kula, mwanangu. Karibu sana kwa dada yako."