Odyek Anyoosha Nyaya

Odyek alizaliwa kambini Nsambya, mtoto wa polisi, akawa polisi, akastaafu akiwa polisi, na hata leo ukimkuta anakunywa chai utadhani anaapishwa. Shuka lake halina mkunjo. Ndala zake za bafuni amezipiga rangi. Mkewe Mahfudha, binti wa familia ya Waislamu wenye maduka Nateete, alishamzoea. Ambao hawakumzoea ni wakwe.

Shakib, kaka yake Mahfudha, hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita "Afande", tena kwa kuvuta. Mama mkwe, Bi Taqwa, alimwita "yule bwana" hata akiwa amekaa mbele yake. Jambo hilo lilimuuma Odyek kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa na hakika wanamdharau kwa ajili ya ile sare. Basi alipostaafu na kununua boti ya injini pale Ggaba, ziwani, aliwaalika wote wavuke naye kisiwani siku ya Idi, wale pilau yao huko. Ajabu ni kwamba walikubali. Safari hiyo ndiyo ingemfanya mtu mbele ya wakwe, au imfute kabisa.

Akaikagua boti kama anavyokagua gwaride. Aibu ilikuwa nyuma: mpira mweusi wa mikunjo, ule unaofunika nyaya za gia na usukani pamoja na bomba la petroli hadi kwenye injini, ulikuwa umepasuka kwa jua na nyaya zinachungulia. Akaenda Nakivubo akanunua mpya. Akafungua vichwa vya nyaya, akauvua ule mbovu, akapitisha kamba ndani ya mpya, akavuta nyaya zote mpaka zikatokea upande wa pili. Hadi hapo hakuna fundi ambaye angemkosoa.

Kilichomponza ni kitambi. Kwenye boti zote za Ggaba mpira huo huachwa ulegee kidogo mbele ya injini, utoe kitambi, na Odyek alikuwa ameuchukia ulegevu huo tangu siku ya kwanza.

"Hii kitambi hapana," alisema. "Kitu yangu lazima inyooke."

"Baba Latifah, si uliikuta hivyo?" Mahfudha akamwambia. "Pengine iko na kazi."

"Kazi gani? Kulala?"

Akaukata mpira ukawa mfupi, nyaya zilizozidi akazivuta ndani chini ya benchi, akazikaza kwa vibanio vya plastiki. Ukanyooka kama rula. Akawasha injini, ikanguruma. Akatia gia, ikaingia. Kupinda hakujaribu. Alikuwa ameshasogea mbali, mikono nyuma, anajitazamia kazi yake.

Siku ya Idi wakaingia botini na vikapu vyao. Odyek akang'oa nanga, akaenda mbele vizuri, halafu akazungusha usukani kulia. Injini ikakataa: nyaya zilikuwa zimekazwa mno, hazikuwa na urefu wa kuifuata. Kushoto ilikubali. Basi kila alipotaka kulia ilimbidi azunguke duara zima kwa kushoto, na kila alipomaliza duara akajikuta anaitazama Ggaba ile ile, na wauza samaki wale wale wanaoshika mbavu kwa kicheko.

"Afande," Shakib akauliza kwa adabu ya kukera, "hii ni doria?"

Odyek alitamani ziwa limmeze. Jasho likamtoka mpaka kola, ile kola iliyopigwa pasi, ikalala. Mwisho akazima injini.

"Mama," akamwambia Bi Taqwa, "makosa ni yangu. Mimi ndiyo nilifunga nyaya mbaya. Naomba kisu."

Bi Taqwa akampa kisu cha kukatia nanasi. Odyek akapiga magoti kwenye maji machafu ya chini ya boti, akakata vibanio vyake kimoja kimoja. Nyaya zikalegea, zikatokeza nje ya mpira mfupi. Injini ikapinda huku na huku bila neno. Ilikuwa mbaya kutazama.

Alipoinuka, suruali imelowa na mikono ina grisi, alimkuta mama mkwe amefunua sufuria na anampakulia.

"Banange, jamani, nawe unakosea!" Bi Taqwa akasema. "Miaka yote unakuja kwangu unasimama wima kama umekuja kukamata mtu. Nikikupa chakula unasema asante tu, hata kikiungua. Nikajua yule bwana anatudharau. Kaa chini, ule."

Odyek akakaa. Mgongo umepinda, akala kwa mikono ile ile ya grisi huku boti ikiyumba, na mkwe wake akimtazama mdomoni.

"Mama," akasema taratibu, "chumvi imezidi."