Mabomba ya Hoteli Mpya

Nilimfundisha baba wa mchumba wangu uzuri wa jengo ambalo mwenyewe nilijua mgongo wake tu. Ujinga wangu ndio huo.

Mimi ni mtu wa kukaa barazani. Ile hoteli mpya niliitazama kila siku toka kwetu Kadutu, kilimani, nikajiona bingwa. Mzee alipokuja toka Walungu kunipima akili kabla ya kunipa binti yake, nikampeleka huko, upande ule ule wa nyuma niliouzoea. Jirani yangu Musafiri, fundi mwashi, akatufuata.

“Papa, tazama,” nikaanza, “ukuta mweupe bila marembo, pembe ya mviringo kama meli. Na yale mabomba manene yanavyoshuka! Urembo wa kisasa. Fundi mjinga angeyaficha.”

Mzee akavutiwa, akavua kofia, akabandika kiganja kwenye bomba kwa heshima. Papo hapo kitu kikanguruma ndani yake, toka juu mpaka chini.

Mzee akanigeukia. Mimi nikamgeukia Musafiri, nikimwomba kwa macho aniokoe.

“Papa, toa mukono,” akasema Musafiri. “Ile bomba iko tuyo ya choo ya Wazungu. Huyu mukwe wako, hata mulango ya hii hoteli hajaiona.”