Sakafu ya Mvule

Wenzangu wa ofisini Hurlingham walinicheka niliposema nyumba yangu ya Waithaka nitaitia sakafu ya mbao. Siku hizi kila mtu anaweka vigae. Unapangusa, vinang'aa, mambo kwisha. Lakini mimi nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mama. Miguu yake huuma baridi ikiingia, na Julai ya Waithaka si mchezo. Nilitaka aondoke kwetu, magharibi, aje akae nami moja kwa moja. Nilikuwa nimeishi peke yangu miaka mingi hata nikaanza kuijibu redio, na nilikuwa nimechoka.

Fundi nilimpata Kangemi, mtu wa maneno machache. Alizilaza mbao za mvule sebuleni wiki mbili bila kuzigusa. Nilipomuuliza anangoja nini, akasema, "Madam, mbao lazima izoee nyumba kwanza. Ukiharakisha itakusumbua." Nilinung'unika. Lakini alipokwisha kuzipigilia, kuzipiga msasa na kuzipaka vanishi, nilivua viatu nikatembea chumba hadi chumba kama mtoto. Mbao hazina ule ubaridi unaopanda mpaka magotini. Hazishiki vumbi kama zulia, wala hazina mwangwi wa vigae, ule unaokukumbusha kila hatua kwamba ndani hamna mwingine.

Mama akaja. Siku tatu nilikuwa na raha niliyokuwa nimeisahau. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akichambua mboga, akasema hapa chini hapana baridi kabisa. Jioni nilipotoka kazini nilikuta taa imewashwa na mtu. Nilisimama langoni nikiitazama, na machozi yalikuwa karibu.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, nikaenda sokoni Kangemi. Niliporudi, viti vyote vilikuwa nje kwenye nyasi, mlango wazi, na mama ameinama na tambara, maji yakitiririka sebuleni. Kwetu ndivyo nyumba inavyooshwa: unatoa kila kitu, unamwaga ndoo, unasukuma maji mpaka uani. Na mwanamke anayekaa bure katika nyumba ya mwenzake husemwa. Mama hakutaka kuwa mgeni. Alikuwa amekwisha kumwaga ndoo nne.

"Nimekuoshea nyumba," akasema, akitabasamu.

Hasira zangu nazijua, hazipigi hodi. "Mama, nani amekutuma? Umeniharibia! Si ungekaa tu?"

Akaenda kuanika tambara kwenye kamba, taratibu, akalinyoosha pembe zote. Jumapili hakutaka kwenda kanisani. Jumatatu asubuhi akasema amewakumbuka kuku wake. Nilimsindikiza mpaka stendi ya mabasi mjini, na habari ya sakafu hatukuigusa. Kuomba msamaha kulinishinda. Nilijiambia atarudi tu.

Mbao zilivimba, kingo zikainuka. Fundi akazikagua akiwa amepiga magoti, akaniambia nifungue madirisha na nisiziguse. Zilipokauka, baada ya miezi miwili, akazipiga msasa upya na kupaka vanishi nyingine. "Ingekuwa zile mbao bandia za kubandika ungetupa zote," akasema. "Hii ni mbao ya ukweli. Ikiharibika unakwangua tu, inakuwa mpya. Itakuzika." Alisema kweli. Hata mimi siwezi tena kuonyesha maji yalipotuama.

Nikampigia mama siku hiyo hiyo. Nikamwambia nilikosa, nisamehe. Nikamwambia sakafu imepona, haina hata alama, arudi. Hata kuku aje nao tutawajengea banda. Akacheka kidogo. Nikasikia anavuta kiti huko kwake, anakaa.

"Nimefurahi imepona," akasema. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kama anayetaka kujua kweli: "Sasa nikija, nitakuwa nakanyaga wapi?"